Mwaka Ambao Korongo Hawakupita

Nimemzika mama, arobaini imepita, na sasa nimebakiwa na kazi ambayo hakuna anayenyoosha mkono kunisaidia: kupekua vitu vyake. Wanangu na wajukuu walikuja, wakala, wakapiga picha kaburini, wakaondoka. Nimekaa sakafuni chumbani kwake, magoti yananiuma, mbele yangu kuna kopo la zamani la maziwa ya unga alilokuwa akitilia vifungo vya nguo, hirizi na meno yangu ya utotoni. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki kilichofungwa mafundo mawili, nimeikuta pete ya ndege.

Si pete ya kuvaa mtu. Ni ukanda wa bati jepesi sana uliokunjwa duara, una herufi ambazo hata karani wa shamba alishindwa kuzisoma, na namba. Nilidhani ilipotea zamani, kabla baba hajafa. Kumbe mama alikuwa nayo miaka yote hii, na mimi nilikuwa nikifagia chini ya kitanda kilichoificha. Tulikuwa wawili tunaoijua habari yake. Sasa nimebaki mmoja, na nimechoka.

Baba alikuwa manamba. Vijana wa leo ukiwatajia neno hilo wanakutumbulia macho, lakini nyinyi wenzangu mliokulia kwenye mkonge, kuanzia Korogwe mpaka Mazinde, mnalijua hata kabla sijalimaliza. Aliandikishwa kwao Ubena, akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota, akavishwa shingoni kibati chenye namba, akapandishwa lori, akashushwa katikati ya mistari ya mkonge isiyokuwa na mwisho. Mkataba ulipokwisha wenzake walirudi. Yeye alikuwa ameshamwona mama, binti wa Kizigua ambaye wazee wake walihamia Makuyuni kutoka Handeni mwaka wa njaa. Akasilimu, akaoa, akajenga kwenye kiwanja cha wakwe zake, na asubuhi akaenda kukata mkonge uleule, tofauti ikiwa tu kwamba jioni alikuwa na mke wa kumpikia. Kibati chake alikitundika kwenye msumari juu ya mlango wetu. Nikazaliwa mimi. Wakazaliwa wawili wengine, hawakukaa.

Kila siku alirudi na ile harufu chachu ya majani yaliyopondwa, ambayo sabuni ya mche haikuiweza. Mpaka leo nikipita penye mkonge uliokatwa huwa nasimama kidogo, eti napumzika.

Kazi yangu ya kwanza duniani niliyopewa na baba ilikuwa kuangalia ndege. Joto la kabla ya masika likishika, vumbi likiwa kila mahali hadi kwenye ugali, mbayuwayu walijipanga kwenye nyaya za simu kando ya reli, wengi mno, wakisukumana. Siku moja unaamka waya ni mtupu. "Waya ukibaki mtupu," baba alinifundisha, "anza kutazama juu. Korongo hawako mbali." Yeye mwenyewe hakuweza kutazama. Alisema ukiwa ndani ya mkonge umeinama unaona miiba na miguu yako tu, mbingu ni ya mnyapara.

Korongo walitokea upande wa Handeni, wakati jua limeshakuwa kali. Weupe, mabawa yamepakwa weusi pembeni, midomo na miguu myekundu. Walipofika usawa wa milima ya Usambara walianza kuzunguka bila kupiga bawa hata mara moja, wakipanda, wakipanda, kama pumba kwenye ungo wa mtu asiyeonekana, mpaka shingo yangu inauma. Kisha mmoja alijinyoosha kuelekea Mkumbara na wengine wote wakamfuata. Hawakutoa sauti. Kundi kubwa namna ile kupita bila sauti kulinitia hofu, nami sikumwambia mtu.

Jioni nilitoa taarifa. Baba aliitaka kamili, na niliitoa nimesimama wima.

"Wamepita?"

"Wamepita, baba. Leo, jua la saa tano. Wametokea upande wa Handeni. Wengi, sikuweza kuwahesabu."

"Vizuri."

Basi. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda chake, mikono imelegea magotini, ugali unapoa, naye amegeuza uso mlangoni. Nilimsoma uso ule kama mtoto anavyosoma, kwa kubahatisha. Nikaona ni uso wa mtu anayetaka kuondoka.

Mwaka mmoja alirudi amembeba korongo mgongoni, amemfunga miguu kwa singa za mkonge. Alimkuta amekufa kati ya mistari, hana jeraha. Majirani walikusanyika. Mmoja akasema ndege huyo amekula nzige waliokula pumba za sumu. Mama akasema hata angekuwa amekula asali, huyo ni kibudu na hakanyagi jikoni kwake. Ndipo baba alipouona mguu. Pete. Aliivua taratibu, akampelekea karani, karani akaigeuzageuza akasema ni maandishi ya Ulaya lakini si Kiingereza, ila namba ni namba. Baba akarudi anacheka kile kicheko chake cha kuchoka.

"Na huyu naye ni manamba," alisema. "Mimi walinivisha shingoni, yeye mguuni."

Akaitundika pete kwenye msumari uleule, pamoja na kibati chake. Mama alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeeleweka. Korongo wote walikuwa na namba chini ya manyoya. Waliandikishwa, wakafanya kazi huko nyuma ya Handeni, na kabla ya masika mikataba yao inakwisha, wanarudi kwao pamoja, kama manamba wanavyorudi. Kwao ni mbele ya Mkumbara. Na kwao baba nako ni hukohuko, ndiyo maana alikuwa akiuliza. Alikuwa akingoja kundi lake. Siku moja angeuliza, ningemjibu wamepita, naye angechukua kibati chake msumarini na kuwafuata. Hakuna aliyeniambia hivyo. Na hakuna aliyeniuliza nafikiri nini, siku zile watoto hawakuulizwa.

Sijui nilikuwa na miaka tisa au kumi baba alipohamishiwa kwenye brashi, kule singa zinakosuguliwa. Mnalijua vumbi la brashi. Mtu anatoka mle ndani nyusi nyeupe kama mzee. Kifua kikambana, akakohoa kiangazi kizima, na waya wa simu ulipoanza kujaa mbayuwayu alikuwa amelala ndani, mbavu zikihesabika.

Ugonjwa ukamfungua mdomo. Mtu ambaye hakuwahi kusimulia kwao alianza kumtaja mama yake, kwamba ni mfupi, anavuta kiko, anasemesha vitu. Mchana mmoja mama alikuwa akipepeta mtama kizingitini, mimi nikimlinda kuku asiusogelee, tukamsikia kutoka ndani.

"Mama watoto. Mwaka huu nataka nikamwone mama."

"Upone kwanza."

"Nitapona. Korongo wakipita tu, najikaza naenda."

Ungo ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Ukienda utarudi?" mama aliuliza.

"Nitarudi."

"Kambini pale wanawake sita waliambiwa hivyo hivyo. Niwataje?"

Baba alikohoa. Mama hakuwataja, akaendelea kupepeta, mpaka mtama ukawa safi kuliko ulivyotakiwa kuwa. Kuku alikula atakavyo, maana mimi nilikuwa nimeganda. Niliyoyajua peke yangu sasa yalikuwa yamesemwa.

Siku chache baadaye waya ulikuwa mtupu. Nilikuwa shambani nikikusanya mabua ya kuchoma walipotokea, na Mungu anisamehe, sijawahi kuwaona wengi vile tena. Walijaza anga kutoka Handeni hadi mlimani. Niliinama, nikaficha uso katika mabua, kana kwamba nisipowaona mimi hawakupita. Nilipoinuka wa mwisho walikuwa wanapotelea Mkumbara.

Nilirudi nyumbani polepole. Baba alizisikia nyayo zangu.

"Mwanangu, wamepita?"

Mama alikuwa anaingia uani na debe la maji kichwani. Sikumtazama.

"Bado, baba."

"Labda kesho."

Kesho yake aliuliza tena, na kesho kutwa. "Bado" ya kwanza ilinichoma ulimi, ya pili kidogo, ya nne niliisema huku natafuna muwa. Mtajiuliza mbona hakuna jirani aliyemwambia. Nani anampelekea mgonjwa habari za ndege? Walikuja wakamuuliza kifua, wakasema pole, wakalaumu brashi, wakaenda zao.

Kisha mvua ikaanguka. Si manyunyu, masika yenyewe, ya kuinusa ardhi kabla haijafika. Nilifurahi. Mvua ikishaanza korongo hawapiti, kwa hiyo mwaka ulikuwa umekwisha na baba alikuwa bado ndani mwetu. Nikaingia nikamkuta ameketi kitandani, miguu iko chini.

"Hii ni masika?"

"Ndiyo, baba."

"Na hawakupita."

"Hawakupita."

Alipitisha kiganja kichwani. Halafu akamwita mama kwa sauti ambayo sikuijua.

"Mama watoto, nichemshie maji ya kunyolea. Mama yangu hayupo."

Mama akauliza nani kaleta habari. Baba akasema hakuna, ndiyo habari yenyewe. Akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Siku aliyopanda lori mama yake alimshika mkono akamwambia: hujui kusoma nami sijui kuandika, lakini korongo wanakaa hapa kwetu nyasini, na wakiondoka huenda upande linakoelekea lori hili. Kila mwaka wakiinuka nitasimama uani niwaambie wakusalimu. Ukiwaona wamepita, ujue nipo. Wasipopita, usisumbuke kuniuliza kwa watu. Na miaka yote hiyo, alisema baba, walikuwa wamepita.

Niliposikia hayo nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda. Wanatoka kwao baba. Nilikuwa nimeigeuza dunia nyuma mbele. Hakuwa akiwatazama kama mtu anayetaka kuwafuata, alikuwa akipokea salamu. Kwao kulikuwa nyuma ya Handeni, huko ndege wanakotoka, na mimi nilikuwa nimemuua bibi yangu kwa neno moja.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa ikiingia.

"Wewe," mama alisema, "nenda kwa jirani kaombe wembe."

Nikaenda kuomba wembe.

Tulikaa matanga siku tatu. Watu walikuja na mvua, viatu mkononi, wakaleta mchele na kuni zilizolowa. Mwalimu wa madrasa aliposoma dua akauliza habari zilifikaje kutoka mbali huko, mama akasema, "Zimetufika, mwalimu," na heshima ya msiba ikazuia swali la pili. Baba alikaa mkekani, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akipokea pole za watu. Na mimi nilipewa pole. Wanawake walinivuta wakanikumbatia, masikini mjukuu, hata sura ya bibi hakuiona. Nikala wali wa matanga. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo nimelibeba.

Baba alipona. Shamba likampa kazi nyepesi, kuanika singa. Hakutaja tena kwenda popote, maana hakukuwa na wa kumwendea. Mwaka uliofuata mbayuwayu walijaa kwenye waya, wakaondoka, korongo wakapita juu ya paa letu, naye hakuuliza. Nilijipeleka mwenyewe jioni, nikasimama wima. "Baba, wamepita." Akasema, "Waache wapite." Siku hizohizo kibati na pete vilitoweka msumarini, nami sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Baba alikuwa wetu mzima mzima, na alikuwa mpole, na jioni alikaa kigodani amegeukia ukutani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya waongo wengine. Yangu nimeitembea toka nina meno ya mbele mapya hadi sasa sina meno.

Nilikuwa msichana wa kuvunja ungo pale alipokuja mtu wa makamo, mgeni kambini, akiulizia nyumba ya Mbena aliyeoa Kizigua. Alisimama uani akasema, "Kamwene." Baba aliinuka kana kwamba ameitwa na mwalimu. Sikuwahi kumsikia mtu akimsalimu baba kwa lugha yake kabla ya siku ile. Walizungumza kidogo kwa Kibena, kisha wakarudi kwenye Kiswahili kwa heshima ya mama, aliyekuwa akimimina chai.

"Nina habari ya msiba," mgeni alisema. "Nilitumwa nisikufiche. Mama yako alifariki mavuno yaliyopita."

"Mavuno yaliyopita," baba alisema.

"Ndiyo, kaka. Uzee tu. Mpaka mwaka huohuo alikuwa akitoka uani kuwaambia korongo maneno. Watoto walikuwa wakimcheka. Alisema mwanawe anazipata salamu zake."

Kikombe kilikuwa kimejaa na mama bado anamimina. Chai ikatembea juu ya meza mpaka ukingoni. Baba aliuweka mkono wake juu ya birika, akalisimamisha.

"Mimi nilishamlilia," alisema. "Nilimlilia mapema. Machozi ya mara ya pili sina."

Akamkaribisha mgeni ale. Walikula. Mgeni alipoondoka baba alibaki ameketi palepale, nami nikaja kufuta meza. Sikuwa na mahali pa kuweka macho.

"Mwanangu, usiwalaumu ndege," alisema. "Labda mwaka ule walipitia njia nyingine."

Nafasi ya pili ya kusema hiyo, na haikuwa na wembe wa kuombwa.

"Labda, baba," nikasema.

Alikufa nikiwa nimeshaolewa, nina watoto. Tulimzika mwisho wa kiwanja, upande wa Handeni, mama alivyotaka. Nilidhani ni kwa sababu ya kivuli.

Mwaka huu, mama alipokuwa amelala kwenye kitanda hiki, mwepesi kama mtoto, nilimwambia. Nilikuwa nikimlisha uji. Sikupanga. Nilisema, "Mama, mwaka ule baba alipokaa matanga, korongo walipita. Niliwaona mimi." Aliumeza uji, akasubiri kijiko kingine, nami nikadhani hakusikia.

"Hata mimi niliwaona," alisema. "Nilikuwa kisimani. Walijaa hata kwenye maji."

"Ulinisikia nikisema bado?"

"Nilikusikia. Nikashusha debe nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

"Angekwenda."

"Alisema angerudi."

"Alisema." Alifumba macho. "Sikutaka kujua kama ni kweli. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa na akili zangu zote."

Hiyo ndiyo iliyokuwa faraja yake kwangu, kunipokonya nusu ya dhambi. Wiki mbili baadaye alikwenda. Nilikuwa nimemkasirikia tangu siku ya ule wembe bila kujua nimemkasirikia, na sasa sina hata nguvu ya kuendelea.

Siku hizi nyaya ni za umeme na mbayuwayu ni wachache. Lakini leo, nikiwa nimekaa na kopo hili, mjukuu wa jirani alipiga kelele nje, njooni muone. Nikajikokota. Walikuwa wakitokea upande wa Handeni, wakazunguka juu ya paa la mama, wakapanda mlimani. Nilisimama mpaka shingo ikauma kama zamani. Walipokwisha nikashika fimbo nikaenda mwisho wa kiwanja, pete mkononi, nikasimama wima kadiri mgongo ulivyoniruhusu.

"Baba, wamepita," nikasema. "Leo, jua la saa tano. Wametokea kwenu. Mama yako anakusalimu."

Niliifukia pete pale kichwani pake, nikarudi ndani kumalizia kopo.